Mwaka 2010 Visiwani: Namna ya Kuwasimulia Waliozaliwa Mwaka Huo

Swali: Mimi ni mwalimu wa Historia katika skuli moja ya sekondari kisiwani Pemba. Wanafunzi wangu wengi wamezaliwa mwaka 2010, na nimekusudia kuwaandikia habari ya matukio makubwa ya Zanzibar ya mwaka huo. Kila nikianza, najikuta nimeandika orodha ya tarehe tu, haina kichwa wala miguu. Nianze na tukio lipi? Kiza cha Unguja, ule umeme uliokatika kwa miezi, nikipe nafasi gani? Na je, nifike mpaka yale ya 2015, uchaguzi ulipofutwa?

Jibu: Mwalimu, umechagua mwaka mzuri, nami nafurahi kwamba kuna mtu anayeona haja ya kuwapa watoto habari za visiwa vyao wenyewe, maana mambo ya karibu ndiyo yanayosahaulika upesi kuliko ya mbali. Nitakujibu kwa kirefu, na nitaanza na ushauri wenyewe ili usije ukaupoteza katikati ya maelezo: tukio la kuegemezea masimulizi yako yote ni kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, iliyowauliza Wazanzibari kama wanataka serikali ya pamoja ya mshindi na mshindwa baada ya uchaguzi. Wengi huanza na uchaguzi mkuu wa tarehe 31 Oktoba, kwa kuwa ndio uliomweka madarakani Rais mpya. Lakini uchaguzi ule hauelezeki bila ya kura ya Julai. Mwezi Julai Wazanzibari waliamua atakayeshindwa atapewa nini, na waliamua hivyo wakati hakuna aliyejua nani atashindwa. Uamuzi huo ungechelewa ukaja baada ya matokeo, kila upande ungeupima kwa faida yake. Mwanafunzi akilielewa jambo hilo moja, tarehe nyingine zote zitajipanga zenyewe.

Hata hivyo, usifungue simulizi kwa Julai. Fungua kwa kiza, kwa sababu ndicho kitu ambacho kila mzazi wa Unguja anakikumbuka, na kwa sababu mwaka wenyewe ulianza gizani. Tarehe 10 Desemba 2009 umeme ulikatika kisiwa kizima cha Unguja, na haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu kamili. Unguja ilikuwa ikitegemea waya mmoja uliopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, upande wa Dar es Salaam, hadi Ras Fumba, waya uliolazwa mwaka 1980 ukiwa na uwezo wa kubeba megawati 45. Hitilafu ilitokea katika kituo cha Fumba, mahali waya unapotoka baharini na kuungana na njia za nchi kavu. Haikuwa mara ya kwanza: mwaka 2008, kuanzia Mei hadi Juni, kisiwa kilikaa karibu mwezi mzima bila umeme. Kwa hiyo onyo lilikuwa limeshatolewa, na nadhani wanafunzi wana haki ya kuambiwa hivyo waziwazi.

Hapa usiende mbio. Waeleze kwamba shida kubwa ya kiza kile ilikuwa maji kuliko hata taa. Taa ina mbadala wake. Watu walirudi kwenye kandili, koroboi na mishumaa, na aliyeweza alinunua jenereta. Maji ya mjini hupandishwa kwa pampu, na pampu zikisimama, mifereji hukauka. Mitaa ambayo kwa miaka mingi haikuwa na haja ya kisima ikajikuta inakitafuta kisima, na madumu yakawa yanapanga foleni tangu kabla ya alfajiri, kazi ambayo kwa kawaida yetu iliwaangukia wanawake na watoto. Mwenye jokofu aliligeuza kabati. Simu zilipelekwa kuchajiwa kwenye maduka yenye jenereta, kwa malipo. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, ambako nyumba zimebanana, mngurumo na moshi wa majenereta vilizoeleka hata watu wakawa wanazungumza kwa sauti kubwa bila kujitambua. Wape wanafunzi kazi ya kuwauliza jamaa zao walioko Unguja wakati ule: maji mliyapata wapi? Swali hilo litaleta majibu mengi na ya kweli kuliko swali la “mnakumbuka nini?”

Sherehe za miaka 46 ya Mapinduzi, Januari 12, ziliangukia katikati ya kiza hicho. Tamasha la Sauti za Busara nalo lilifanyika Februari katika Ngome Kongwe, kisiwa kikiwa bado hakina umeme. Taja hayo kwa sentensi moja au mbili, yatosha. Yanaonesha kwamba maisha ya hadhara hayakusimama.

Kwa kuwa wanafunzi wako ni wa Pemba, lipo jambo ambalo waandishi wengi wa Unguja hulisahau. Pemba haikuwa imeunganishwa na waya ule wa Fumba. Ilikuwa na mashine zake za dizeli huko Wesha, umeme wa gharama kubwa na usiotosha. Ni katika mwaka huohuo wa 2010 ndipo Pemba ilipounganishwa na gridi ya Taifa kwa waya wake wenyewe wa chini ya bahari, kutoka Majani Mapana, Tanga, hadi Ras Mkumbuu, kwa msaada mkubwa wa serikali ya Norway. Kwa Wapemba hilo ni tukio kubwa la mwaka, na kwa maoni yangu lingestahili aya nzima katika habari yako. Unguja ilisubiri mpaka 2013 kupata waya mpya wa megawati 100, uliogharimiwa kwa fedha za Marekani. Usiwaambie wanafunzi kwamba kiza kilileta maridhiano ya kisiasa. Sijaona ushahidi wa hilo, na tukio moja kulitangulia jingine hakulifanyi kuwa sababu yake. Waambie tu kwamba mambo hayo mawili yalikwenda sambamba, na kwamba watu waliokuwa wakizungumzia serikali ya pamoja mwezi Januari walikuwa wakizungumza usiku kwa mwanga wa mshumaa.

Sasa tuje kwenye siasa. Hapa huna budi kurudi nyuma kidogo, kwani mtoto aliyezaliwa 2010 hawezi kuelewa kwa nini watu walilia kwa furaha kwa sababu ya matokeo ya kura kutangazwa kwa amani. Chaguzi za 1995, 2000 na 2005 zote zilimalizika kwa ugomvi baina ya CCM, chama tawala, na CUF, chama kikuu cha upinzani wakati ule. Baada ya ule wa 2000, tarehe 26 na 27 Januari 2001, maandamano yalikabiliwa kwa risasi, zaidi ya watu 30 wakauawa, wengi wao Pemba, na zaidi ya watu 2,000 wakakimbilia Shimoni, pwani ya Kenya. Lazima ulieleze hilo kwa uangalifu, kwa sababu darasani kwako huenda wamo watoto wa waliofiwa. Ilikuwapo miafaka miwili, yaani makubaliano ya kuumaliza ugomvi huo, wa 1999 na wa 2001, yote miwili ikasainiwa na vyama, na yote miwili ikashindwa kufika mwisho wake. Mwaka 2009, uandikishaji wa wapiga kura Pemba ulisimama kwa muda kwa sababu ya mvutano juu ya kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na ilionekana wazi kwamba 2010 itakuwa marudio ya yaliyopita.

Kisha, tarehe 5 Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad, Katibu Mkuu wa CUF, wakakutana Ikulu Zanzibar. Siku mbili baadaye Maalim Seif alikwenda kwenye mkutano wa hadhara Kibandamaiti na kuwatangazia wafuasi wake kwamba chama kinamtambua Karume kuwa Rais, jambo walilokuwa wamelikataa tangu 2005. Si wote waliomshangilia. Wapo waliohuzunika na waliokasirika. Mimi naona ule ndio ujasiri wenyewe wa kiongozi, kuwaambia watu wako jambo wasilotaka kulisikia huku ukiwa umesimama mbele yao. Karume naye alikuwa na watu wake ndani ya chama chake waliokuwa na mashaka. Pande zote mbili zililipa gharama, na wanafunzi wako wanapaswa kuziona gharama za pande zote mbili, hasa katika kisiwa ambacho upande mmoja una wafuasi wengi zaidi.

Tofauti kubwa ya maridhiano haya na ile miafaka ya zamani ni njia iliyofuatwa. Mwishoni mwa Januari 2010 Baraza la Wawakilishi lilijadili na kuipitisha hoja iliyowasilishwa na Abubakar Khamis Bakary, kiongozi wa upinzani barazani, ya kutaka wananchi waulizwe kwa kura ya maoni. Baadaye ikatungwa sheria ya kuiendesha kura hiyo. Miafaka ilibaki mikononi mwa viongozi wa vyama. Safari hii jambo lilipelekwa barazani, kisha likapelekwa kwa wananchi.

Mwezi wa Julai ulikuwa umesheheni, na hapa ndipo unapoweza kuwapa wanafunzi picha ya jamii nzima. Fainali ya Kombe la Dunia ilichezwa Afrika Kusini tarehe 11 Julai, na nina hakika wapo wazee wanaoukumbuka mwezi ule kwa mpira kuliko kwa siasa. Tamasha la filamu la ZIFF lilifanyika mjini Unguja kama kawaida ya Julai. Dodoma, CCM ilimteua Dk. Ali Mohamed Shein, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Jamhuri ya Muungano, kuwa mgombea wake wa urais wa Zanzibar, akiwapita Dk. Mohamed Gharib Bilal na Shamsi Vuai Nahodha, aliyekuwa Waziri Kiongozi. Waoneshe wanafunzi wako wa Pemba kwamba Dk. Shein kazaliwa Pemba, na Maalim Seif, mpinzani wake, naye kazaliwa Pemba, huko Mtambwe. Na kiasi cha juma moja kabla ya kura, Makunduchi waliadhimisha Mwaka Kogwa, sikukuu ya mwaka wa jua ambapo wanaume hupigana kwa vigogo vya migomba na kibanda cha makuti huchomwa moto ili kuumaliza uhasama wa mwaka uliopita. Sitakushauri ufanye mfano wa kisiasa kutokana na mila hiyo. Ina heshima yake yenyewe, na wenyewe waliifanya kabla ya vyama na wataifanya baada ya vyama.

Tarehe 31 Julai, siku ya Jumamosi, wapiga kura waliulizwa iwapo wanakubali muundo wa Serikali ya Umoja wa Kitaifa baada ya uchaguzi wa Oktoba. Waandikishwaji walikuwa 407,669, na waliojitokeza walikuwa 293,039, karibu asilimia 72. Kura za Ndiyo zilikuwa 188,705, sawa na asilimia 66.4, na za Hapana 95,613, asilimia 33.6; zilizobaki 8,721 ziliharibika. Nimeziandika tarakimu zote kwa makusudi. Wape wanafunzi wazijumlishe wenyewe waone kama zinalingana, kwani kura ni hesabu kabla ya kuwa siasa, na chaguzi zetu za nyuma ziligombaniwa hasa kwa sababu watu hawakuziamini hesabu. Kisha waulize swali gumu zaidi: ile theluthi moja iliyosema Hapana ilikuwa na hoja gani? Kura za Hapana zilikuwa nyingi zaidi Unguja kuliko Pemba. Wapo waliohofia kwamba Mapinduzi ya 1964 yatasalitiwa, na wapo walioona kwamba serikali isiyo na upinzani barazani haitakuwa na wa kuikosoa. Hofu ya kwanza wanafunzi wataiona ni ya wakati wake. Ya pili, kwa kweli, bado ina uzito hadi leo, na darasa zuri litaijadili kwa heshima.

Siku chache baadaye, Agosti, Baraza likapitisha mabadiliko ya kumi ya Katiba ya Zanzibar ya 1984. Ramadhani ilianza chini ya majuma mawili tangu siku ya kura, na nchi ikatulia kwa funga. Kampeni zikaja kushika kasi baada ya Idi. Mabadiliko yale yalifuta cheo cha Waziri Kiongozi na kuweka Makamu wawili wa Rais. Makamu wa Kwanza hutoka katika chama kilichoshika nafasi ya pili. Makamu wa Pili hutoka katika chama cha Rais na ndiye msimamizi wa shughuli za Serikali katika Baraza. Mawaziri hugawanywa kwa uwiano wa viti vya vyama barazani. Katiba ikaitaja pia Zanzibar kuwa ni nchi, miaka miwili tu baada ya Waziri Mkuu Mizengo Pinda kusema bungeni kwamba Zanzibar si nchi na kuzusha zogo kubwa. Usilitumbukize darasa kwenye mjadala wa Muungano kwa kupitia kifungu hicho. Kitaje, kisha endelea, la sivyo mwaka wako wa 2010 utamezwa na mjadala mwingine.

Kwa uchaguzi wa tarehe 31 Oktoba, shuka karibu na matokeo yenyewe. Dk. Shein alipata kura 179,809, sawa na asilimia 50.1, Maalim Seif alipata 176,338, asilimia 49.1. Tofauti ni kura 3,471. Barazani, katika majimbo 50, CCM ilipata 28, yote ya Unguja. CUF ilipata 22, yaani majimbo yote 18 ya Pemba na manne ya Unguja. Mwachie mwanafunzi muda atazame tarakimu hizo kisha mwulize: kwa katiba ya zamani, ambapo mshindi huchukua chote, kisiwa cha Pemba kingekuwa wapi serikalini? Jibu atalipata mwenyewe, na hapo ataielewa kura ya Julai bila ya wewe kumhutubia.

Tarehe 1 Novemba matokeo yalikuwa yakisubiriwa katika hoteli ya Bwawani, ambako Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar iliweka kituo chake. Nje walikusanyika wafuasi wengi wa CUF, wenye wasiwasi uliotokana na miaka kumi na mitano ya kumbukumbu mbaya. Kwa namna mambo yalivyokwenda katika chaguzi tatu zilizotangulia, tofauti ya kura 3,471 ingetosha kuuwasha mji. Baada ya matokeo kutangazwa, Maalim Seif alisimama palepale, mbele ya mshindani wake, akayakubali. Watu wakarudi majumbani. Mwalimu, hilo la watu kurudi majumbani ndilo tukio la mwaka, ingawa haliandikwi kama tukio kwa sababu halikuwa na kishindo. Tarehe 3 Novemba Dk. Shein aliapishwa katika uwanja wa Amaan, na baada ya siku chache Maalim Seif akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais na Balozi Seif Ali Iddi kuwa Makamu wa Pili.

Lipo kosa moja ambalo wanafunzi hulifanya mara kwa mara katika mitihani, nalo ni kuchanganya chaguzi mbili zilizofanyika siku ileile. Tarehe 31 Oktoba mpiga kura wa Zanzibar alipiga pia kura ya Rais wa Jamhuri ya Muungano, ambapo Jakaya Mrisho Kikwete alichaguliwa kwa muhula wa pili, na Dk. Gharib Bilal, yule aliyeshindwa kuteuliwa kugombea Zanzibar, akawa Makamu wa Rais wa Muungano. Tume zilikuwa mbili na mamlaka zilikuwa mbili. Wachoree jedwali dogo ubaoni. Utawaokolea alama nyingi.

Nabaki na swali lako la mwisho. Ndiyo, ifikie 2015, lakini kwa ufupi na mwishoni kabisa. Wanafunzi wako watasikia kwa wakubwa wao kwamba maridhiano yalikufa, na ukikaa kimya watadhani umewaficha. Waambie kwamba tarehe 28 Oktoba 2015 Mwenyekiti wa Tume alitangaza kuufuta uchaguzi wa Zanzibar, kwamba ulirudiwa tarehe 20 Machi 2016 na CUF ikaususia, na kwamba kwa hiyo serikali ya pamoja ilikatika. Waambie pia kwamba vifungu vya 2010 havikufutwa katika Katiba, ndiyo maana Desemba 2020 Maalim Seif, safari hii akiwa katika chama cha ACT-Wazalendo, aliweza kuapishwa tena kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais chini ya Rais Hussein Ali Mwinyi, miezi michache kabla ya kufariki dunia tarehe 17 Februari 2021. Sababu za kufutwa uchaguzi wa 2015 ziache kwa somo jingine, utakapokuwa na muda wa kuwasomesha maelezo ya Tume na majibu ya wapinzani kwa pamoja. Zinataka vipindi viwili, na si haki kuzibana katika dakika tano za mwisho za somo la 2010.